Dawati la Darasa la Sita

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba, shikamoo yako nimeipokea. Hapa Magamba hatujambo. Mama yako anavuna maharage, na babu yako amepona kikohozi.

Umeuliza kwa nini wanafunzi wako wanajikunja wakiandika, hata ukiwakaripia. Mimi nilikuwa hivyo darasa la sita. Nilirefuka ghafla, na dawati lilikuwa la watoto wadogo. Magoti yaligonga ubao wa dawati, nikawa naandika nimeinamia daftari kama ninayelinusa. Kila siku mwalimu wetu wa hesabu alisema, "Kaa wima, we mvivu!" Nikaamini ni uvivu kweli.

Siku moja akaniambia, "Hebu toka." Akakaa mwenyewe, akaanza kuandika. Darasa zima tulimwona akijikunja vilevile. Alinyanyuka ameshika kiuno.

"Nisamehe, mwanangu," akasema.

Kesho yake alikuja na mbao na misumari, akapandisha ule ubao wa dawati langu. Mgongo wangu haujanyooka sawasawa mpaka leo. Lakini kuitwa mvivu kulikoma siku ile, na hesabu nikaanza kuzipenda.

Wasalimie watoto wako.

Ni mimi bibi yako,
Eliwaza