Ubao wa Basi la Iyunga

Iyunga, Mbeya
4 Juni 1956

Kwako Baba Isakwisa,

Pokea salamu zetu. Huku tumeamka, ng'ombe wamo zizini, na goti langu limenyamaza tangu baridi ianze, sijui limeogopa. Wewe je, huko Iringa unakula nini? Nakujua, ukiachwa peke yako unashindia chai.

Usishangae mwandiko. Anayeandika ni mkweo Ikupa. Ndiyo, kwetu Wanyakyusa mkwe na baba mkwe hawatazamani wala hawasemezani, na jina lako yeye halitamki hata likiwa la mtu mwingine. Lakini mwanao Isakwisa yuko kwenye migodi ya shaba ya Kopabeti, mimi herufi sizijui, na mchungaji mwenyewe kasema barua si uso. Basi mimi nasema, yeye anaandika. Kwenye bahasha kaandika "Dereva wa basi jipya la Mbeya, gereji ya maseremala, Iringa." Ikifika utajua ni wewe.

Neno lenyewe ni mguu wa mjukuu wako Lusia. Daktari kasema ule mguu uliopinda utanyooka, ila plasta ibadilishwe kila Ijumaa hospitali ya mjini mpaka mtoto atembee. Ikupa anambeba mgongoni kutoka hapa Iyunga, kwenda na kurudi, na mtoto anazidi kuwa mzito pamoja na hiyo plasta yake. Sasa ni kiangazi, anaweza. Mvua zikianza Novemba, plasta italowa njiani, na ikilowa inalainika na mguu unarudi ulikotoka. Kwa hiyo tunalitegemea basi lako. Bwana Othmani, mwenye gari, ametundika kibao hapa kituoni kwamba litaanza mwezi wa saba. Ni kweli?

Mkeo,
Mama Isakwisa

*

Iringa
17 Juni 1956

Mama Isakwisa,

Barua imefika, na mimi ni mzima kabisa. Sishindii chai. Nakula ugali na maharage kwa fundi Joachim, yule seremala aliyefundishwa misheni ya Tosamaganga. Kama mkono wake kwenye mbao ungekuwa sawa na mkono wa mkewe jikoni, basi lingekwisha zamani.

Gari lilifika likiwa injini na magurudumu tu. Bodi tunaijenga hapa: sakafu tayari, nguzo tayari, paa linakuja. Nimeendesha malori miaka kumi na tano mpaka Tunduma na kurudi, na sijawahi kuona gari zuri kama hili. Tulieni, litakuja.

Mwambie anayekusomea kwamba mwandiko wake unamshinda karani wa boma. Sisemi naye. Nasema na wewe.

Mumeo,
Baba Isakwisa
(Jina langu sikulitia, ili msomaji wako asikwame.)

*

Iyunga, Mbeya
30 Julai 1956

Baba Isakwisa,

Salamu, na pole na kazi. Sisi wazima, ila tumechoka kudanganywa.

Kibao cha kituoni kimepakwa chokaa na kuandikwa upya mara tatu. Kwanza kilisema tarehe mbili, halafu kumi na sita, halafu leo. Leo watu wamejaa tangu alfajiri. Wauza ndizi wameshusha mikungu, walimu wamekuja na tai shingoni, kwaya imeimba nyimbo zote inazozijua na kuanza tena za mwanzo. Yotamu, karani wa boma, alikuja na viatu vipya, anasema kwa kuwa hatatembea tena kwa miguu ameona avae vinavyobana. Saa sita akavivua akarudi peku. Sasa kwenye kile kibanda cha abiria anaishi mbuzi, na amezaa.

Bwana Othmani anasema kosa si lake, gari liko Iringa. Haya, gari liko Iringa na wewe uko Iringa. Kuna nini huko? Ijumaa iliyopita Ikupa alirudi miguu imevimba, akalala bila kula. Hakutaka niandike hilo. Nimemlazimisha.

Mkeo,
Mama Isakwisa

*

Iringa
12 Agosti 1956

Mama Isakwisa,

Sijambo. Poleni sana, hasa mwenye miguu.

Kuna ubao mmoja haujakaa. Ni ubao gani na kwa nini, hayo si maneno ya kuandika kwa barua inayosomwa na huyo anayekusomea. Nakuahidi basi litafika kabla ya mvua.

Mumeo,
Baba Isakwisa

*

Iyunga, Mbeya
9 Septemba 1956

Baba Isakwisa,

Natumaini u mzima. Mimi nina hasira, lakini afya ipo.

Ubao mmoja! Miezi miwili watu wazima mnahangaika na ubao mmoja? Nilipowasimulia wenzangu sokoni walicheka mpaka nikaona haya.

Sasa sikia. Watu wa Iyunga wamekwenda boma. Wameandika barua ya malalamiko, na aliyeiandika ni mkweo, maana hakuna mwingine mwenye mwandiko wa kusomeka. Majina mia mbili na kumi, mengi ni ya dole gumba. Aliisoma kwa sauti na watu wakapiga makofi, na mwisho wake ni huu: "Tunaomba yeyote anayechelewesha basi hili atajwe jina mbele ya watu na aondolewe kazini, hata awe nani." Hilo la "hata awe nani" alilitia mwenyewe. Sisi tunajua ni huyo Joachim wako, au Othmani mwenyewe. Bwana DC amepokea, na jibu litasomwa barazani tarehe sita Oktoba.

Nimejivunia mkwe huyu. Nawe jivunie.

Mkeo,
Mama Isakwisa

*

Iringa
23 Septemba 1956

Mama Isakwisa,

Mimi mzima, na nawaombea uzima. Keti kwanza, na anayekusomea naye akae.

Anayechelewesha basi ni mimi.

Siku Joachim alipomaliza viti nilikaa kwenye usukani kuujaribu. Nikainua macho kwenye kile kioo cha juu, nikaona viti vyote mpaka cha mwisho. Nikawaza, Ijumaa ya kwanza atakayekuja na mtoto mgongoni ni nani? Akae wapi nisimwone? Nikajua hatapanda. Basi la babu wa mtoto litapita, na mtoto atabaki barabarani analowa. Nakuambia, mama, nilishuka kwenye lile gari hapo hapo.

Na si mimi peke yangu. Huko Mbeya kila baba mkwe atapanda basi hilo, na kila mkwe. Nikamwambia Joachim aondoe kioo, apige ubao nyuma yangu kutoka sakafuni mpaka darini, ubao mwingine ukate gari katikati kwa urefu, halafu atoboe mlango wa pili kwa nyuma. Bwana Othmani akakataa, eti ubao unakula viti vinne. Nikasema bila ubao atafute dereva mwingine. Tumevutana hivyo tangu Julai. Sikuweza kukwambia, kwa sababu ningemtaja mkwe wangu kwenye barua anayoisoma yeye. Nilisikia aibu. Leo aibu imenishinda nguvu, nimeiweka kando.

Sasa boma limemwandikia Othmani. Amenipa mambo mawili: nilete gari lilivyo, au jina langu lisomwe barazani na kazi iishe. Nimemjibu lisomwe.

Usimkemee aliyeandika yale malalamiko. Ameandika vizuri, na angeandika vingine ningemshangaa.

Mumeo,
Baba Isakwisa

*

Iyunga, Mbeya
8 Oktoba 1956

Baba mkwe,

Shikamoo. Mama ameketi ubavuni kwangu, lakini leo hasemi. Ameniambia, "Hii andika mwenyewe, mdomo wangu umechoka." Kwa hiyo haya ni maneno yangu, mimi Ikupa, na naandika nimeinamisha kichwa.

Barua yako nilishindwa kuimaliza kwa mara moja. Mama alidhani nimekutana na neno gumu. Usiku ule na mwingine sikulala. Nilijiona nimekutoa kazini kwa mkono wangu mwenyewe, tena kwa mwandiko uliousifu.

Barazani wanaume walikaa mbele, sisi wanawake tukakaa nyuma ya ukuta kama siku zote. Yotamu alipofunua karatasi ya Bwana Othmani na kusema sasa atasoma jina la mwenye kosa, nilisimama pale pale nyuma ya ukuta. Nilisema, "Jina hilo usilisome nikiwepo, ni la baba mkwe wangu. Kosa lake nitalisema mimi." Nikalisema lote, kioo, ubao, na mlango. Mwisho nikawauliza wanawake wenzangu, "Basi likija, na baba mkwe wako kakaa kiti cha mbele, wewe utapanda?"

Alinanuswe muuza ndizi akasema yeye angetokea dirishani na mkungu wake. Wanawake wakaangua kicheko, na upande wa pili wa ukuta wazee nao wakaanza kukohoa, kila mmoja anamfikiria mkwe wake. Baba, tulidai basi miezi mitatu, watu mia mbili na kumi, na hata mimi niliyeandika sikuwahi kujiuliza nitalipandaje. Nilikuwa nawaza mguu wa mtoto tu.

Nyuma ya karatasi ile ile nikaandika upya: "Basi lisitoke Iringa bila ubao." Madole gumba yakarudi yote. Bwana Othmani alikuwepo. Alichungulia juu ya ukuta akatuona tulivyo wengi, akatoka akasema mbao ziwe mbili na mlango uwe mpana. Yotamu ameomba awe utingo, maana viatu anavyo.

Nisamehe "hata awe nani." Njoo na gari lako.

Mkweo,
Ikupa

*

Stendi ya Mbeya
15 Machi 1957

Mkwe wangu Ikupa,

Marahaba. Nimekuwa na deni la salamu hiyo tangu Oktoba. Wiki hii nalala mjini kwa sababu ya safari za alfajiri, kwa hiyo barua hii itapanda basi langu mwenyewe mpaka Iyunga. Msomee mama, usiruke kitu.

Tangu siku ile ya Novemba nilipoingia Iyunga watu wakinishangilia na mbuzi hataki kuhama kibandani, kila Ijumaa najua umepanda. Sijapata kukuona, na sitakuona. Lakini unakaa benchi lile linalogusa ubao wangu, na Lusia ameupiga huo ubao kwa plasta yake mvua zote hizi. Ko, ko, ko, mpaka hospitali. Joachim angesikia angelia, mninga ule aliupiga randa siku tatu. Mimi nilikuwa naendesha kwa mdundo huo. Ijumaa moja ya Januari haukusikika, nikaendesha vibaya kutwa. Kumbe alikuwa amelala.

Leo mliporudi kutoka hospitali nilingoja ko, ko. Haikuja. Ulikuja mguu mtupu, laini, halafu wa pili, na yote miwili ina sauti moja. Nilikaa nimeshika usukani, machozi yananitoka mbele ya soko zima.

Unajua ishara ya utingo wetu ni kugonga ubao mara mbili, maana yake abiria wamekwisha panda, twende. Lusia akagonga mara mbili kwa mguu wake uliopona. Nikaondoa gari. Nilifika Mwanjelwa ndipo nikajua Yotamu nimemwacha stendi na tiketi zote, anakimbia na vile viatu.

Bwana Othmani amenipa onyo la maandishi. Nimelibandika juu ya usukani, pale kilipokuwa kioo.

Baba mkwe wako,
Babu wa Lusia