Mama Anataka Kushukuru Kabla Dawa Haijaisha

Shikamoo Bi Hafsa. Ukurasa wako nausoma siku zote nikicheka ya wenzangu, leo zamu yangu, nisaidie. Naitwa Shadya, kwetu Chumbageni, lakini kazi yangu iko ng'ambo, kwenye maabara, mimi na wenzangu tunatengeneza dawa za saratani kwa kingamwili, yaani wale askari ambao mwili unao wenyewe, sisi tunawafunza kuutambua uvimbe na kuushika, na mama yangu, Bi Thuwaiba, mwaka jana aliota uvimbe kwenye titi, na dawa anayotundikiwa hospitali ndiyo ile iliyoanzia mikononi mwetu, ila yeye hajui, anajua napima damu za watu tu, sikumwambia kwa kuwa niliogopa, ikimkataa ataona nimemuua mimi, ikimkubali watu watasema Shadya anajifanya mponyaji.

Basi imemkubali, alhamdulillahi. Nimerudi likizo nimemkuta anakuna nazi mwenyewe na kunigombeza kama zamani, nikaenda uani nikalia kwa furaha. Kumbe aliweka nadhiri ya kusomesha maulidi akipona, na sasa mbuzi kashanunuliwa, mwalimu wake wa dini wa Makorora kashaalikwa, na dripu hazitaki tena, wakati daktari kasema uvimbe umenywea lakini haujaisha, akiacha sasa utarudi. Nimembembeleza nimechoka. Jibu lake ni moja: “Mtu hashukuru huku kanyoosha mkono aongezwe. Nikirudi kwenye dripu, Mungu ataona namtilia shaka.” Nami nina shukrani tele moyoni, nitamharibiaje maulidi yake? Nifanyeje?

Shadya, Chumbageni

Marahaba, mwanangu. Kabla ya yote, ahsante. Dada yangu wa Pangani aliondoka na ugonjwa huo huo, dawa kama yako hatukuwahi hata kuisikia, kwa hiyo barua yako nimeisoma huku nafuta machozi.

Sasa nikuseme. Saratani hukuiogopa, unaogopa maneno ya majirani? Acha hayo. Mama alisema atasomesha maulidi akipona, na daktari kasema hajapona, basi nadhiri haijafika wakati wake. Nenda leo kwa yule mwalimu, mweleze alivyosema daktari, umwombe aje amwambie mama mwenyewe. Likitoka kwako ataliita ubishi, likitoka kwa mwalimu wake atalisikiliza. Mbuzi aendelee kula majani, pilau itangoja.

Akikubali, usimtume na mtu, mpeleke wewe. Kaa ubavuni pake, na dawa ikianza kudondoka mwambie hii ni kazi ya mikono yako na ya wenzako. Usimwambie umemponya. Mwambie dua zake Mungu kazijibu kwa kumpitia mtoto aliyemzaa mwenyewe. Halafu mwangalie usoni uone kama atauchomoa huo mkono kwenye dripu.