Udongo kwenye Nguzo za Hangari

Jumatatu, 4 Novemba
Uji, dawa, kisha sokoni polepole. Kifua kinauma. Nimekaa chini ya hangari, banda kuu la soko, kwenye kivuli cha vigae walivyoacha Wabelgiji, kama kila siku. Nilipokita fimbo kwenye nguzo ya mti, ncha ilizama kama kwenye muhogo uliolowekwa. Mchwa.

Jumanne, 5 Novemba
Nimejaribu nguzo nyingine. Zote za upande wa mto zimeliwa. Furaha, muuza ndagala, vile visamaki vikavu, aliniona. "Papa Mwalimu, weye unatongoza nguzo sasa? Hiyo iko na bwana." Wanawake wakacheka. Nami nikacheka. Habari ya mchwa nikaificha.

Jumatano, 6 Novemba
Niandike basi. Mto ulipofurika mwaka jana, mimi ndiye niliyewaambia watu wa soko warundike udongo kuzunguka nguzo na kuushindilia, maji yasizing'oe. Nguzo zilikuwa zimesimama juu ya mawe. Mchwa hawakuwa na pa kupitia. Udongo wangu ukawapa njia. Na mimi nimefundisha biolojia maisha yangu yote.
Tangu hapo naitwa mwokozi wa hangari. Nimelipenda jina hilo kupita kiasi.

Alhamisi, 7 Novemba
Mvua. Homa. Sikutoka.
Jumamosi ni soko kubwa, hata watu wa kijiji cha Katogota watakuja. Vigae vikilowa vinakuwa vizito. Nikinyamaza, huenda nikafa kabla paa halijaanguka, nizikwe na jina langu. Ndivyo nilivyokuwa nikiomba. Ni ombi baya.

Ijumaa, 8 Novemba
Nimemwita chifu nyumbani, pamoja na Furaha, kwa kuwa wanawake wa soko humsikiliza. Nimesema yote. Kwamba watu watoke chini ya hangari leo. Kwamba kosa ni langu.
Chifu alitazama mikono yake.
Furaha hakutania. "Ule udongo tuliubeba na migongo yetu, Mwalimu. Minye nilikuwa na mimba."
Aliondoka bila kuaga. Nimechoka hadi mifupani.

Jumamosi, 9 Novemba
Mwanangu amenisogeza dirishani. Wanaume wako juu, wanashusha vigae, mmoja anampokeza mwenzake. Wanawake wanauza kando ya barabara, juani, vitenge kichwani. Wengine wanatazama huku, kisha wanageuka. Salamu sijapata hata moja.
Chini ya paa hakuna mtu.