Kikombe Changu, Wembe Wao

Jumatatu, 6 Machi 1995
Nimeosha vyombo vya wote. Vyangu kando, nyuma ya nyumba. Kikombe cha bati, sahani ya bati. Mama mkwe alinitengea tangu nirudi hospitali. Nilikwenda kumtolea dada yangu damu, wakaikataa: ina homa ya ini, aina ya B. Wala siumwi popote. Jioni kikapu cha punje za kahawa ya kutafuna kikazunguka kwa kila mtu, kikaniruka. Nimeudhika mno.

Jumatano, 8 Machi
Najua mama mkwe anachoogopa. Mwaka jana watoto wa kijiji cha Kituntu waliugua, macho yakawa ya manjano. Maji machafu, mikono isiyooshwa. Hiyo ni aina ya A. Nesi alinifafanulia: yangu inapita kwenye damu, kitandani, na kwa mama anapojifungua. Kwenye kikombe haipiti. Nimemweleza mama mkwe. Akasema nesi ni mtoto wa juzi. Deo, mume wangu, alisikia yote, akaendelea kunoa panga. Mwoga.

Alhamisi
Koku, mtoto wetu, walimpima siku ile ile ya hospitali. Hana. Miaka minne na mzima kabisa. Hapo ndipo ninaposhikilia.

Jumamosi, 11 Machi
Mama mkwe kamleta mzee wa kuchanja kutoka Nyakatuntu. Atuchanje wote tumboni, apake dawa. Mimi kwanza maana ndimi mgonjwa, kisha Deo, kisha Koku. Wembe mmoja. Nikauliza mwingine uko wapi. Mzee akaupangusa kwenye shati, akasema haujawahi kumdhuru mtu.

Kikombe changu wanakikimbia, damu yangu wanataka kumtia mtoto. Nikampokonya wembe kabla hajanigusa, nikautupa chooni. Nikarudi, nikasema mbele ya wote:

“Mama, nitengee sahani maisha yangu yote. Lakini Koku hachanjwi kwa wembe wenye damu yangu.”

Kisha Deo akainuka, akamsindikiza mzee mpaka njiani. Sijuti hata kidogo.

Jumapili
Kanisani peke yangu. Mama mkwe kanuna. Na anune.

Jumanne, 21 Machi
Mvua. Tumepanda maharage kwenye migomba, mama mkwe na mimi, bila maneno mengi. Aliuliza tu kama wazee nao huambukizwa kwa wembe. Nikamwambia ndiyo. Jioni kikapu kilifika kwangu, kikasimama. Nikachukua punje mbili.

Kikombe changu cha bati anacho Koku. Anapikia matope humo uani, anaonja. Bibi yake anamwona, hamkatazi.