Konokono Wako Wamehamia Voi

Dada Wakio,

Nimeolewa. Nilitaka ulisikie hilo kutoka kwangu kabla ya jambo lingine lolote. Nimeolewa na Barasa, yule fundi wa pikipiki aliyekuwa akikupeleka mtoni kutafuta konokono wako wa utafiti wa chuo, kisha anasimama mbali na kudai hajui kuogelea, na maji yenyewe hayafiki hata magotini. Ndiye huyo. Ninampenda hadi naona haya. Akikohoa tu pale langoni, moyo wangu unasimama kama mwanafunzi aliyeitwa jina lake.

Siku ya harusi nilikutafuta kwa macho. Kwenye kiti chako alikaa shangazi na kofia yake kubwa. Nilicheka kwenye picha zote, halafu nikaenda nyuma ya kanisa nikalia hadi poda ikashuka shingoni, nikarudi nikacheka tena. Sijui kama mtu anaruhusiwa kuwa na vyote viwili ndani ya gauni moja.

Konokono wako nimekuja nao. Mama hakutaka. Alisema bibi harusi hubeba sufuria na mablanketi, habebi wadudu, tena wadudu wa kichocho. Nikamkumbusha kwamba hawa walizaliwa humo humo kwenye jagi la kioo na hawajawahi kuuona mto. Bado akakataa. Barasa ndiye aliyenitetea. Alimwambia, "Mama, Wakio aliniambia kule hospitalini: ukimwoa huyu, unawaoa na wale." Mama akaingia jikoni, akarudi na kitambaa safi cha kufunika mdomo wa jagi.

Kwa hiyo sasa wako dirishani kwetu hapa Voi, ndani ya maji tuliyobeba kutoka nyumbani Sagalla. Barasa anawaita shemeji. Kila asubuhi anawainamia: "Shemeji, mmeamkaje? Dada yenu ananinyima mayai."

Unakumbuka siku ile tumekaa kizingitini tukiambua maharagwe? Ulisema damu ya konokono ina chumvi kuliko maji anamoishi, kwa hiyo maji yanamwingia kwenye ngozi mchana kutwa, na chumvi yake nayo inataka kumtoroka. Nikauliza mbona hapasuki. "Anakojoa, mjinga wewe," ukasema. "Anakojoa siku nzima, lakini mkojo wake karibu wote ni maji. Chumvi anaibakisha." Na anajuaje kuibakisha? Ukanigusa paji la uso kwa kidole chenye maganda. Ulisema kichwani mwake kuna seli za neva ambazo kazi yao ni kutengeneza homoni. Maji yakiwa matamu mno, hayana chumvi, zinaimwaga homoni ndani ya damu, nayo inaenda kuiambia figo isiachie chumvi, na kuiambia ngozi ivute ile kidogo iliyomo majini. Maji yakiwa ya chumvi, zinatulia. Niliona ajabu kwamba kitu kidogo hivyo kinajichunga hivyo, bila kulala.

"Lakini zinahitaji muda," ukasema. "Usimhamishe ghafla. Kikombe cha maji mageni leo, kingine kesho."

Kisha figo zako mwenyewe zikaacha kazi. Uliletewa mchicha usio na chumvi, ukaonja, ukasukuma sahani. "Hata konokono ananipita, Mghoi. Zangu zinaambiwa na hazisikii." Nilicheka kwa sababu ulitaka nicheke. Na ile siku ya mwisho ulipokuwa bado unaongea, ulinishika mkono ukasema, "Wasife wote." Nimekaa na maneno hayo tangu tulipokuzika. Ulijua kwamba wengine watakufa. Uliniomba kile ninachoweza.

Jumamosi nilikuwa kwenye mazoezi ya kwaya. Barasa akaona maji ya jagi yamegeuka kijani, akawahurumia shemeji zake. Akayamwaga yote, akajaza mengine bombani. Na maji ya hapa kwetu unayajua, sabuni haitoi povu na chai inakuja na chumvi yake. Niliporudi alikuwa ananingoja anatabasamu, anionyeshe jinsi jagi linavyong'aa. Konokono wote walikuwa wamelala chini, wamejikunja ndani kabisa ya magamba yao.

Nilikaa sakafuni na viatu vyangu vya kanisani. Sikupiga kelele. Nilisema tu, "Barasa, umemuua dada yangu mara ya pili." Nikaona maneno yale yanavyomwingia usoni, na sikuweza kuyarudisha.

Alichukua jerikeni, nikasikia pikipiki ikiwaka. Alirudi jioni, mwekundu wa vumbi hadi kwenye nyusi, na jerikeni imejaa. Alikuwa amefika nyumbani Sagalla. Mama alimpa maji yake ya kunywa, Dada, yale yale anayoyabania hadi padri akija anapewa nusu gilasi.

Barasa alitaka kuyamimina yote mara moja. Nilimshika mkono. Hata kuwarudisha ghafla kungewaumiza, hilo ulinifundisha. Tukapunguza kikombe, tukaongeza kikombe, tukangoja. Akasema polepole, "Nilidhani maji ni maji." Nikamwomba msamaha kwa lile neno nililomwambia. Akasema, "Yule alikuwa dada yangu pia," na hapo tukalia wote wawili juu ya jagi lako kama watoto.

Asubuhi wengi walikuwa wameanza kunuka. Tuliwazika chini ya mpapai wa mwenye nyumba. Lakini wachache walikuwa wametoa pembe zao. Mmoja alikuwa anapanda kioo, taratibu, na Barasa ameinama mbele yake anamnong'oneza, "Shemeji, nisamehe."

Nilikuwa nikidhani furaha hii ingenisahaulisha wewe, au kilio kingeniharibia ndoa. Havijafanya hivyo. Naamka nikiwa na furaha, halafu nasikia treni ikipita, nageuka nikuambie jambo, na hupo. Kila siku. Nimechoka kujiuliza lini nitazoea. Wewe ungeniambia nisijihamishe ghafla.

Hawa waliobaki nitawazoesha maji ya Voi kama ulivyonionyesha, kidogo kidogo, hadi siku ambayo Mama hatalazimika kuwapa maji yake ya kunywa. Wakitaga, nitawabandua watoto wao kiooni kwa ncha ya jani kama ulivyofanya. Na nikipata mtoto wangu, nitamkalisha mbele ya jagi hili nimwambie ni nani aliyewaleta.

Pumzika, Dada. Barasa ameshika kikombe ananingoja dirishani. Naenda kuwawekea cha leo.

Mdogo wako,
Mghoi