Majani Yaliyotupwa Jalalani

Mama, shikamoo. Huku Newala ukungu umeingia mpaka jikoni, nimevaa sweta mchana kweupe!

Si nilikuambia nafuata majani ya mzambarau yenye vivimbe? Mdudu akitaga kwenye jani, jani huvimba, na chuoni tunadhani ndani ya uvimbe ule kuna antioksidanti nyingi, kemikali zinazozuia hata mafuta yasichache. Basi mwenyeji wangu wa Kitangari, Mama Zuhura, kanichumia kapu zima kabla sijafika. Kumbe kaosha jani moja moja, na yenye vivimbe kayatupa yote.

"Mwanangu, nimpe mgeni majani yenye ugonjwa? Si watanisema kijiji kizima!"

Nilitaka kulia, maana kesho narudi Masasi. Akanishika mkono, tukaenda kuinama jalalani wote wawili, yeye anaokota huku anacheka mpaka kanga inamdondoka. Kapu limejaa, Mama. Nina matumaini makubwa.

Ule mzambarau wetu wa nyuma ya jiko, unaosema una upele, mwambie Baba aweke panga chini. Nauhitaji na upele wake.

Mwanao anayekukumbuka kila akinywa chai,
Neema