Siku Debe Lilipobonyea Kanyangi

Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Tangu tukuzike sijawahi kukuandikia. Leo nimetoka darasani hapa Kikima mikono ikiwa na masizi, nikakukumbuka mpaka nikakaa chini.

Unakumbuka ile Ijumaa ya debe? Nilikuwa darasa la sita, mwanafunzi wako na mtoto wako pia, na shule yetu ya Kanyangi haikuwa na maabara. Ulichemsha maji kidogo ndani ya debe la mafuta ya kupikia, ukaliondoa motoni, ukalifunga kabisa, kisha ukalimwagia maji baridi. Debe likajikunja lenyewe kwa kishindo. Tulitoka mbio, wengine kupitia dirishani!

Jumatatu, baba yake Mutheu wa darasa letu, mzee wa kanisa, alifika shuleni na wazazi wengine wanne.

"Mwalimu, hatukukuandika kazi ufundishe watoto uganga."

Niliogopa sana. Hukuwa umeajiriwa na serikali. Wazazi hao ndio waliokuwa wamekuweka, na wangeweza kukutoa siku hiyo hiyo. Lakini hukubishana.

"Karibu, mzee. Leo utalifunga wewe mwenyewe."

Ulitafuta debe lingine, ukawasha moto uwanjani. Maji yalipochemka ukaliondoa motoni, naye mzee akafunga kifuniko kwa nguvu zake zote, akalimwagia maji baridi. Debe lilipobonyea aliruka nyuma, kofia ikaanguka. Hakuna aliyethubutu kucheka.

Hapo Mutheu akasimama. Mutheu, ambaye tangu darasa la kwanza hakuwahi kuinua mkono!

"Baba, si uganga. Mvuke ulifukuza hewa iliyokuwa ndani. Ulipopoa ukageuka maji, ndani pakabaki karibu patupu. Hewa ya huku nje ndiyo imelibonyeza."

"Nani amekuambia useme hivyo?"

"Hakuna mtu. Ijumaa wenzangu walipokimbia, mimi nilibaki nikaangalia. Halafu nikafikiria."

Mzee alimtazama binti yake muda mrefu, kama mtu anayemwona mara ya kwanza. Kisha akaokota kofia yake, akakuuliza taratibu, "Mwalimu, ukitaka madebe mengine, nilete mangapi?"

Wewe ulijibu kwa heshima, ukamshukuru. Lakini tulipofika nyumbani ulifunga mlango ukacheka, kisha ukalia kidogo. Nilidhani ni woga umekutoka. Sasa najua ni kwa sababu ya Mutheu.

Mwaitu, watu husema nimefuata kazi yako. Naitikia kwa kifua mbele. Hata sasa tuna vifaa vichache, lakini watoto wangu hawaogopi kuuliza. Jana msichana wa gredi ya nne alinifuata hadi getini.

"Mwalimu, mbona maziwa yakichemka yanafura na kumwagika, na maji hayafanyi hivyo?"

Nilimwambia, "Kesho mimi nitaleta maziwa. Wewe leta sufuria."

Leo amefika kabla yangu.

Pumzika vyema, mwalimu wangu.

Ni mimi bintiyo, kitinda mimba wako.